Kopo la Chumvi

Jagna, mwalimu ametaka kurasa mbili
juu ya historia ya mtaa wetu, kwa Jumatatu,
nawe umeshaanza: "Hapo zamani za kale..."
Futa.
Wrocław haina zamani za kale.
Ina ghorofa ya chini, na ufunguo ninao mimi.

Miaka kumi na tisa nasoma mita za maji.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame,
nami nimeinama hata goti la kushoto linatabiri mvua.
Chukua tochi. Vaa lile koti bovu.
Tazama bomba hili: chini ya rangi ya kijani, kijivu,
chini ya kijivu, herufi za chuma zimevimba kama mshipa,
neno la Kijerumani, na mwaka 1911.
Usilisome upesi. Lipapase kwanza.

Kisha nenda maktaba kwa Bwana Świętopełk,
yule mwenye mafua yasiyopona. Muombe kitabu cha anwani
cha 1937, mji ulipoitwa Breslau.
Atakwambia kurasa zinavunjika. Mwonyeshe mikono yako.
Mtaa wetu utafute kwa jina lake la kwanza;
mitaa hapa ilibatizwa ukubwani.
Namba kumi na nne, ghorofa ya tatu:
Ottilie Brandhuber, mjane, mshona glavu.
Chumba chako, Jagna. Dirisha lako.

Usikimbilie kulia.
Usikimbilie pia kusema tulikuwa na haki.
Andika kwanza idadi ya ngazi.
(Hamsini na moja. Nilizihesabu nikiwa na mimba yako.)

Bibi muulize, lakini si mezani, si kwa kalamu mkononi.
Muulize akimenya viazi.
Atasema walitoka Lwów katika behewa la ng'ombe
na cherehani, na mbuzi aliyekufa njiani.
Atasema mlango haukufungwa, na sufuria ilikuwa na ukoko.
Halafu atanyamaza.
Pale anaponyamaza weka alama,
kama fundi awekavyo chaki penye ufa,
wala usipazibe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliosema.
Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akafungasha virago,
na mgeni mwenyewe alikuwa mwenyeji
aliyefukuzwa kwake.
Miaka ishirini na mitano bibi hakufungua sanduku la pili.
"Watarudi," alisema.
Hakupanda mti. Alipanda figili,
kitu cha wiki nne.

Na usizitafute nyumba zote. Nyingine ziliondoka
tofali kwa tofali, kwa treni, kwenda kuijenga Warszawa.
Ukikuta jiwe lenye nusu ya jina katika ukuta wa bustani,
nakili nusu hiyo.
Nusu ya pili usiibuni.

Jana usiku ulinijia jikoni na kamusi ya kuazima.
Kopo la buluu juu ya jiko, lililotukuta
au tulilolikuta, lenye maandishi yaliyojikunja
tuliyodhani ni maua tu.
"Mama, hapa pameandikwa karafuu."
Maisha yangu yote nimechota chumvi humo.
Bibi akacheka kwa pua, kisu hakikusimama:
"Ndiyo maana. Mwaka ule wa kwanza
supu yote ilinukia daktari wa meno."

Hilo liandike.
Mwalimu atataka tarehe, mpe tarehe;
lakini hilo liandike, na ganda la kiazi likining'inia.
Mwishoni, pale wengine wanapoweka fahari ya mji,
weka: Ottilie Brandhuber alikwenda wapi, sijui.
Lirudie neno hilo bila haya.
Mvivu husema sijui akalala;
wewe umelipata kwa magoti.

Haya, funga daftari.
Supu inachemka. Nipe karafuu.